Mbuzi Aliyemfuta Binti Yangu Kazi

Mimi sijawahi kufutwa kazi, kwa sababu sijawahi kuajiriwa na mtu anayeandika barua. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupanda juu ya lori la ng'ombe, kutoka Garissa mpaka Nairobi, na kuwainua wale walioanguka njiani kwa kuwavuta mikia. Mwenye lori aliniangalia mikono, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani, nikamwambia, akasema panda. Hayo ndiyo mahojiano yangu yote ya kazi tangu nizaliwe. Baadaye nikawa dalali sokoni, baadaye nikauza mifugo yangu mwenyewe, baadaye nikajenga nyumba ya mawe hapa mjini Garissa na kuna watu walioniambia sitaifikisha dirishani. Kusoma nilijifunza gumbaru, darasa la watu wazima, nikiwa tayari na watoto watatu, kwenye dawati ambalo magoti yangu hayakuingia chini yake. Kwa hiyo Kiswahili changu cha kuandika ni cha gumbaru na cha barabara. Anayetaka kizuri zaidi amwendee binti yangu. Yeye ana digrii.

Ni habari zake ninazoandika. Zake na zangu, maana mimi ndiye niliyeharibu.

Binti yangu ni wa tano kuzaliwa. Alimaliza chuo kikuu, akapata kazi katika kambi ya Dadaab, katika shirika moja la misaada. Kazi yake ilikuwa kuandikisha familia za wakimbizi wanaopaswa kupewa vitu: turubai, mikeka, mitungi ya maji. Alikuwa na kitambulisho kinachoning'inia shingoni kwa kamba ya buluu. Akija nyumbani Ijumaa alikuwa anasahau kukivua, na mimi simkumbushi. Nilitaka majirani wakione. Nasema ukweli.

Mwaka wake wa pili kazini, mama mmoja mzee wa kambini alikosa turubai. Jina lake halikuwa kwenye orodha. Sasa pale kambini shirika limetundika sanduku la bati lenye mwanya, na mtu mwenye malalamiko anatumbukiza karatasi humo. Yule mama hajui kuandika, akaandikiwa, na karatasi ikasema kwamba msichana wa kuandikisha alimruka kwa makusudi kisha akamjibu vibaya mbele ya watu. Ofisi ikampa binti yangu barua ajieleze ndani ya siku saba.

Halikuwa jambo kubwa. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba halikuwa jambo kubwa hata kidogo. Fomu ya yule mama ilikosa alama ya kidole gumba, kompyuta ikaikataa, na binti yangu alikuwa na ushahidi. Angejibu ile barua, angeonywa kidogo kuhusu ulimi wake, ambao kwa kweli ni mkali kama wa mama yake, na angeendelea na kazi. Lakini Ijumaa ile alikuja uso umemshuka. Akamwambia mama yake jikoni. Mama yake akauliza huyo mama ni nani, na binti akamtaja jina, na ukoo, na sehemu ya kambi anakokaa. Mimi nilikuwa nje ya dirisha la jikoni nikipangusa vumbi kwenye viatu. Sikuwa nasikiliza. Nilisikia.

Kwetu sisi Wasomali kuna kitu kinaitwa haal. Mtu wako akimvunjia mwingine heshima, hata kwa neno, wazee wa upande wako wanaenda nyumbani kwa aliyekosewa. Wanakiri, wanatoa kitu, mara nyingi mnyama, inasomwa dua, na neno linakufa hapo. Anayelifufua baada ya haal, sasa yeye ndiye mkosaji. Nimefanya hivyo mara nyingi: ugomvi wa kisima, vijana waliopigana, wanawake waliotukanana kwa sababu ya punda. Nimeona watu waliokuja na visu wakila sahani moja. Kwa hiyo sikuona kwamba ni jambo la kuombea ruhusa. Binti yangu amelaumiwa kwamba amemjibu mama mzee vibaya. Mimi ni baba yake. Nikae nikinywa chai?

Jumatatu nikamchukua shemeji yangu na jirani yangu mmoja ambaye zamani alikuwa chifu. Tukapakia kwenye pikapu mbuzi jike mwenye maziwa pamoja na mwanawe, mbuzi niliyemchagua mwenyewe, na mimi sichagui mbuzi mbaya. Binti yangu sikumwambia. Haal haitolewi na mkosaji, inatolewa na watu wake. Mkosaji hata hahitajiki kuwepo.

Yule mama alipoona wazee watatu wanashuka mlangoni kwake aliogopa, akavuta shuka kichwani. Nilimwambia mimi ni baba ya yule msichana wa kuandikisha, nimekuja kwa sababu ya neno alilomwambia. Kisha akasema, "Kumbe yule msichana ana watu. Mimi nilidhani ni mtu wa shirika tu."

Baada ya hapo mambo yalikwenda kama yanavyokwenda. Akatuchemshia chai. Akashika kamba ya mbuzi, akampapasa kiwele, akaridhika. Akatuombea dua ndefu mpaka chifu wa zamani akaanza kubadilisha magoti. Akasema amesamehe dunia na akhera, na kwamba atakwenda mwenyewe kuitoa ile karatasi yake kwenye sanduku. Shemeji yangu akataka turudi Garissa kabla jua halijawa kali. Hapo ndipo nilipofanya lile ninalolirudia kichwani mpaka leo. Nikasema hatuwezi kuondoka bila kumwarifu mkubwa wa ofisi kwamba neno limekwisha. Niliona ni adabu.

Askari wa getini alifungua daftari, akaniuliza sababu ya kuja. Nikamwambia andika: kumaliza kesi. Akaandika hivyo hivyo.

Mkubwa mwenyewe hakuwa mtu wa huku, lakini alikuwa na heshima. Alitupa viti na chupa za maji baridi. Nikamweleza yote, mbuzi na mwanawe, chai, dua. Alisikiliza bila kunikatiza. Mwishoni aliuliza swali moja tu: jina la yule mama mlilipata wapi?

"Kwa binti yangu," nikamjibu. Nililisema kwa kifua mbele. Nilidhani anataka kujua kama binti yangu ni mtu anayekiri makosa nyumbani kwake.

Akaandika. Akasema, kwa upole, kwamba huyo mbuzi wao wanamwita hongo. Nikamwambia hongo hutolewa kwa siri; mimi nimepita na mbuzi katikati ya soko mchana kweupe na kila mtu ameona. Akatikisa kichwa kama mtu anayekubali, kumbe hakubali. Tukaagana kwa mikono miwili.

Jioni hiyo binti yangu alinipigia simu. Hakusalimia. Alisema, "Aabo, ulikuja?" Nikasema ndiyo, na neno limekwisha.

Wiki mbili baadaye alipigwa kalamu.

Yule mama mzee alijaribu kumtetea. Alikwenda ofisini kwa miguu yake akasema hana malalamiko tena, amepewa mbuzi, amefurahi. Wakaliandika nalo: mlalamishi alipewa kitu. Kila mtu aliyekuja kulizima jambo alikuwa analimwagia mafuta ya taa. Na mimi nilikuwa nataka kurudi Dadaab tena, na wazee saba safari hii, mpaka mama watoto akaficha ufunguo wa pikapu ndani ya pipa la unga.

Barua ya kufutwa kazi niliomba nitafsiriwe. Binti yangu aliniandikia kwa Kiswahili kwenye karatasi ya mstari, nikaisoma kwa kidole. Ilisema ametoa siri ya mlalamishi kwa watu wa nje. Ikasema watu hao wamemfikia mlalamishi nyumbani kwake na kumpa kitu ili aondoe malalamiko. Ikasema huo ni utovu mkubwa wa nidhamu. Nidhamu. Msichana ambaye mpaka leo hawezi kunyoosha miguu mbele yangu. Nikatafuta uongo ndani ya ile barua ili nipate pa kushika. Sokoni nimezoea kubishana na uongo, nao nauweza. Humo hamkuwa na uongo. Kila neno lilikuwa limetokea.

Nilimuuliza sanduku la siri ni la nini, mtu mwenye haki si aseme waziwazi? Akanieleza kwamba wapo wanawake wanaolalamika juu ya wanaume wakubwa, na kama wazee wanaweza kubisha mlangoni kwa kila anayeandika, basi hakuna atakayeandika. Nikamwambia sisi hatukwenda kwa vitisho, hatukwenda na fimbo.

"Mlikwenda na fimbo, Aabo," akasema. "Kila mmoja na yake."

Ni kweli tulikuwa na bakora. Mzee hatembei bila bakora. Lakini nilikumbuka yule mama alivyovuta shuka, nikaacha kubishana.

Nilidhani kazi ni kama mzigo wa mbuzi: umekosa soko hili, unapeleka soko lile. Ana digrii, anajua Kiingereza, Kiswahili na Kisomali, anajua kambi nzima. Sikujua kwamba kila meza utakayokaa mbele yake, iwe ya nani, wanauliza lile lile: kwa nini uliacha kazi yako ya mwisho?

Mahojiano ya kwanza yalikuwa hapa hapa mjini. Mama yake alimshauri aseme mkataba uliisha. Mimi sikupenda, lakini nilikuwa nimeshapoteza haki ya kusema, nikaendesha gari tu. Nilikaa ndani ya pikapu ng'ambo ya barabara, mkabala na geti, madirisha yamefunguliwa, jasho linanichuruzika mgongoni. Alitoka akitabasamu. Siku tatu baadaye wakampigia simu. Walikuwa wameuliza kule Dadaab, wakaambiwa. Yule wa simu akamwambia asiombe kazi kwao tena. Akasema kosa la zamani wangeweza kulijadili, lakini uongo walioambiwa mezani kwao wenyewe hawataujadili.

Ya pili yalikuwa Wajir. Huko alisema ukweli, lakini alioufupisha: nilifutwa kwa kuvunja usiri. Aliniambia tukirudi, mahali barabara inaponyooka na hakuna cha kutazama. Walikuwa watu watatu, na aliposema neno hilo kalamu zote tatu zililala mezani kwa pamoja. Wakamuuliza mawili matatu ya heshima, wakamshukuru.

Nikamuuliza kama aliwaambia habari zangu. Akasema hapana. Nikamuuliza kwa nini, na mimi ndiye sababu.

"Niingie mbele ya watu nisiowajua, niwaambie baba yangu ameniharibia? Si ndiyo kukutukana huko?"

"Nitukane," nikamwambia. "Mimi nimekupa ruhusa."

"Na jina ulilitoa wapi? Si kwangu? Wewe ulibeba mbuzi. Jina nililibeba mimi."

Nikakaza macho barabarani. Mimi ni mtu ambaye siku zote nina la kusema. Watu wa soko watakuambia.

Kisha likatokea shirika moja linalochimba visima, likitaka mtu wa kukaa na jamii na kuandika matatizo yao. Ofisi yao iko hapa Garissa. Kazi hiyo ni kama imekatwa kwa kipimo chake. Wiki moja kabla ya mahojiano akatukalisha sebuleni, mimi na mama yake, akaweka stuli katikati akasema sisi ndio wakubwa wa kampuni na yeye anatafuta kazi. Ilibidi tumuulize maswali.

Mama yake alianza. Akamuuliza ameolewa au bado. Binti akasema hilo swali haliruhusiwi. Mama yake akasema katika kampuni yake linaruhusiwa, na tena ndilo la kwanza, na kama hana jibu zuri afunge mlango akitoka. Tulicheka. Ilikuwa muda mrefu nyumba ile haijacheka.

Nikakohoa kama mkubwa. Nikamuuliza kwa nini aliacha kazi yake ya mwisho.

Akakaa wima. Akasema, kwa sauti ya mtu mwingine, kwamba palitokea ukiukaji wa usiri uliomhusisha mtu wa familia, kwamba amejifunza, na kwamba amekua.

"Mtu gani wa familia?" nikauliza.

"Hilo si swali, Aabo."

"Mimi ndiye mkubwa wa kampuni, nauliza. Mtu gani? Mtoto? Mlevi? Ukisema mtu wa familia, mimi niliyekaa hapa nafikiria mwizi. Sema baba. Sema baba yako ni mzee wa soko la mifugo, hajasoma, alisikia binti yake ana shida, akachukua mbuzi."

Alinitazama. Nikaona macho yake yamejaa maji, na mama yake akainuka kwenda kuangalia chai ambayo haikuwa motoni. Binti akavuta stuli karibu, akajaribu tena, kwa maneno yangu. Ilimchukua mara nne. Mara ya kwanza alishindwa kulitamka neno baba. Mara ya nne alilisema lote, mbuzi na mwanawe, na sanduku, na kwa nini lile sanduku lina haki, na jina lililotoka mdomoni mwake mwenyewe. Nikasikia kosa langu likisimuliwa na mtu aliyelielewa kuliko mimi. Kama ningekuwa mkubwa wa kampuni ningempa kazi hapo hapo. Lakini mimi si mkubwa wa kampuni, mimi ni huyo baba.

Siku mbili kabla ya mahojiano nilipata habari sokoni kwamba mmoja wa watakaokaa ile meza namjua. Tuseme baba yake namjua. Tumelala juu ya lori moja miaka mingi, tumeumwa na kupe wale wale. Nambari ya kijana huyo nilipewa bila hata kuomba. Nikarudi nyumbani nikamwambia binti yangu, nikidhani atafurahi.

Hakufurahi. Akaniketisha kama mtoto. Akasema, "Aabo, usimpigie mtu simu. Hata mmoja. Usimsalimie, usimuulizie hali ya mama yake, usikutane naye kwa bahati mbaya msikitini. Niapie." Nikamwambia salamu si dhambi. Akasema tena niape. Nikaapa wallahi, na mkono wangu uko kwenye simu mfukoni.

Siku yenyewe hakutaka nimpeleke. Alipanda tuktuk. Mimi nilikaa barazani na simu kwenye paja. Nataka mtu aelewe jambo hili. Maisha yangu yote, shida ikija, kuna mtu wa kupigia. Gari limekamatwa, kuna mtu. Mtoto amekosa shule, kuna mtu. Hivyo ndivyo nilivyosimama, mimi ambaye baba yangu aliniachia ngamia wawili na ukame ukawamaliza. Na asubuhi ile mtu nilikuwa naye, jina lake limo kwenye simu, na kazi yangu pekee ilikuwa kutobonyeza. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama hiyo. Kuinua ng'ombe ndani ya lori linalokwenda ni rahisi zaidi.

Sikubonyeza.

Alirudi akasema aliwaambia kila kitu. Walimsikiliza, akasema. Hata kuna mama mmoja kutoka Nairobi aliyetabasamu alipofika kwenye mbuzi na mwanawe. Tukangoja. Siku ya tisa ukaja ujumbe kwenye simu yake, mistari mitatu, wakimshukuru na kumtakia heri kwingineko. Aliusoma amesimama, akaenda kufua nguo ambazo zilikuwa safi.

Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, yule kijana wa mezani alinifuata mwenyewe mlangoni nikitafuta viatu vyangu. Sikumtafuta mimi. Alinishika mkono, akaniita adeer, kama ami yake, akaniuliza hali. Akasema binti yangu alijibu vizuri kuliko wote, ila kulikuwa na swali la mwisho lililomwangusha. Nikamuuliza swali gani, akasema nimuulize mwenyewe. Kisha akasogea karibu.

"Ungenipigia hata neno moja, adeer," akasema. "Ningejua la kuwaambia wenzangu."

Nilirudi nyumbani kiatu kimoja kimekanyagwa kisigino, sikuona. Nilikwenda na mbuzi, nikaharibu. Nilikaa na simu bila kupiga, nikaharibu. Nikajiuliza ni wapi mzee anatakiwa kusimama.

Binti yangu alikuwa anapanga karatasi zake kitandani. Sikumwambia niliyoambiwa msikitini, nilimuuliza tu swali la mwisho lilikuwa lipi. Akasema ni yule mama wa Nairobi, yule aliyetabasamu. Alimuuliza hivi: hapa kazini watu watakulalamikia, ni lazima, visima huleta ugomvi. Siku hiyo ikifika, baba yako atakuja tena?

"Ukamjibu nini?"

"Nilinyamaza."

"Kwa nini hukusema hapana? Neno moja tu. Hapana, hatakuja."

"Nimetoka kuwaambia watu wale kwamba nimeacha kuficha," akasema. "Halafu niwaapie jambo nisilolijua?" Akaziacha karatasi. "Basi niambie wewe. Niko mbali, umesikia nimelaumiwa, unajua jina la mtu na unajua anakokaa. Utakaa nyumbani?"

Alikuwa haniulizi kwa hasira. Angeuliza kwa hasira ningejua la kufanya. Aliuliza kama mtu anayehitaji kitu cha kwenda nacho, jibu langu alichukue akaliweke mezani kwa watu. Nikafungua mdomo niseme nitakaa. Nikamwona yuko peke yake mahali fulani, uso umemshuka kama Ijumaa ile, na watu wanamsema, na mimi nimekaa barazani. Neno halikutoka. Sio kwamba nilikataa. Nilisimama pale nikilisukuma na halikutoka, na yeye alisubiri kwa adabu, kisha akarudi kwenye karatasi zake akaanza kuzihesabu kurasa.

Jumatatu ana mahojiano mengine, ya kazi iliyoko Takaba, mbali, mahali ambapo sina hata mtu mmoja wa kumpigia. Watamuuliza kwa nini aliacha kazi, atawaambia, na mtu mwenye akili pale mezani atamuuliza lile la mwisho. Leo ni Jumamosi. Nimemsikia asubuhi akijaribu jibu lake chumbani peke yake, na kila akifika hapo ananyamaza, kisha anaanza tena tangu mwanzo.